MGENI AMELIPA CHUMBA. KIJIJI KIMEPATA NINI?

Kama umewahi kupita Kakola jioni, unajua hali ilivyo. Kakola ni mji mdogo karibu na mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, katika Halmashauri ya Wilaya ya Msalala, Mkoa wa Shinyanga. Jua likitua, taa zinawaka. Pikipiki zinaleta watu kutoka kila upande. Huyu ni fundi ambaye bado hajapata nyumba ya kupanga. Yule ni mnunuzi wa mpunga. Wengine wametoka kwenye maduara ya wachimbaji wadogo, na leo wamepata chochote. Wote wanatafuta mahali pa kulala. Wote wanakwenda gesti.

Sasa watazame vijana wanaocheza mpira jioni hiyo hiyo. Utawakuta kando ya barabara. Goli moja ni mawe mawili. Goli la pili ni nguzo ya umeme na kandambili. Lori likija, mchezo unasimama. Lori likipita, vumbi linatanda, kisha mchezo unaendelea.

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni pamba, mpunga, mahindi na mifugo. Huenda utauliza: bwana shamba na gesti, wapi na wapi? Nitakueleza. Katika kazi hii ya kuzunguka vijijini, nimelala gesti usiku mwingi. Tena kila ninapoitisha mkutano wa wakulima, hutafuta kwanza mti wenye kivuli. Zamani miti hiyo ilikuwapo. Siku hizi nafika penye mti ninaoujua, nakuta umekatwa na pamejengwa gesti.

Basi nikaanza kujiuliza. Mgeni huyu anayelala hapa kila siku analipa ushuru. Je, ushuru wake hauwezi kuturudishia kivuli chetu?

USHURU WA CHUMBA NI NINI?

Mkulima wa pamba anaujua ushuru wa mazao. Pamba ikiuzwa, halmashauri hupata sehemu yake. Mwaka 2017 Serikali iliupunguza ushuru huo. Kwa mazao ya biashara ulitoka asilimia 5 ukawa asilimia 3. Kwa mazao ya chakula ukawa asilimia 2.

Chumba cha gesti nacho kina ushuru wake. Huitwa ushuru wa nyumba za kulala wageni. Kwa miaka mingi umekuwa mmoja wa mapato ya halmashauri zetu. Ulipata uzito zaidi baada ya mwaka 2003, kodi ya maendeleo ilipofutwa. Kodi hiyo wazee wetu waliiita kodi ya kichwa. Ilipokwisha, halmashauri zilibaki kutegemea ushuru wa aina mbalimbali.

Kiwango cha ushuru wa chumba huwekwa kwa sheria, na Bunge hukibadilisha. Zamani kilikuwa asilimia 20 ya bei ya chumba, baadaye kikapunguzwa. Kiwango cha mwaka huu unaweza kukiuliza kwa mtendaji wa kata, au kwa mweka hazina wa halmashauri. Usione haya kuuliza. Hiyo si siri ya mtu.

Jambo moja ulishike vizuri. Anayelipa ushuru huu ni mgeni. Mwenye gesti hautoi mfukoni mwake. Anaupokea kutoka kwa mgeni na kuutunza, kisha anaupeleka halmashauri. Akiuweka mfukoni mwake, amechukua mali ya watu wengi.

TUPIGE HESABU

Chukua kalamu na karatasi. Hesabu hii ni ya mfano tu, lakini ukiifanya mwenyewe utaelewa vizuri.

Tuseme gesti moja ina vyumba 10. Chumba kimoja ni shilingi 15,000 kwa usiku. Tuseme kila usiku vyumba 6 vina wageni, na 4 havina mtu.

6 mara 15,000 ni shilingi 90,000.

Tuseme ushuru ni shilingi 10 katika kila shilingi 100. Basi ushuru wa usiku mmoja ni shilingi 9,000. Kwa mwezi wa siku 30 ni shilingi 270,000. Kwa mwaka wa siku 365 ni shilingi 3,285,000.

Hiyo ni gesti moja. Katika mji mdogo wenye gesti 20 za namna hiyo, ushuru wa mwaka ni shilingi 65,700,000.

Sasa tuseme wageni wanaoandikwa ni mmoja katika kila wanne. Halmashauri itapata shilingi 16,425,000 tu. Zaidi ya shilingi milioni 49 hazitaonekana. Mgeni amezilipa, lakini hazikufika.

Fedha hizo zinapotelea wapi? Nitasimulia yaliyonipata mwenyewe. Usiku mmoja nililala katika gesti ya mji fulani wa dhahabu. Mji huo sitautaja. Asubuhi niliomba risiti. Mhudumu, kijana mpole, alinitazama kama mtu aliyeombwa mwezi. Alisema mwenye mashine ya risiti amesafiri. Nikaomba daftari la wageni nihakikishe kwamba nimeandikwa. Ukurasa wa usiku ule ulikuwa na jina moja tu, nalo halikuwa langu. Lakini usiku kucha nilisikia milango ikifunguliwa na kufungwa, na redio ya chumba cha tatu haikuninyima tu usingizi, ilinipa na matokeo yote ya mpira.

Daftari la wageni ni shahidi. Risiti ni shahidi wa pili. Mgeni asipoandikwa, ushuru wake hauna njia ya kufika halmashauri.

Lakini tusiwalaumu wenye gesti peke yao. Mama mmoja mwenye gesti ndogo ya vyumba 6 aliniambia maneno ambayo sijayasahau. Nilimsalimu, "Mayu, habari za kazi?" Akajibu, "Kazi ipo, bwana shamba. Lakini nalipa leseni, nalipa ushuru, nalipa mtu wa taka. Nionyeshe basi kitu kimoja hapa mjini ambacho nitasema hiki ni cha ushuru wangu." Nilitazama kulia na kushoto. Sikuwa na cha kumwonyesha.

Mama yule angeona bustani yenye viti na vivuli mbele ya mlango wake, nadhani angeandika wageni wake wote. Mgeni naye angependa kulala karibu na bustani kuliko karibu na dampo.

HAYA YAMEFANYIKA KWINGINE

Kutoza wageni wa hoteli ili kupata kitu cha watu wote si jambo jipya. Jirani zetu wa Kenya wanatoza asilimia 2 ya malipo ya hoteli. Fedha hizo zilisaidia kujenga na kuendesha Chuo cha Utalii cha Kenya kilichofunguliwa Nairobi mwaka 1975. Wapishi na wahudumu wengi wa hoteli wamesomea hapo.

Huko Marekani, mji wa San Francisco ulianza mwaka 1961 kutoa sehemu ya kodi ya hoteli kwa vikundi vya muziki, ngoma na maigizo. Mji wa Las Vegas ulifanya jambo kubwa zaidi. Huko kulijengwa uwanja mkubwa wa mpira uliofunguliwa mwaka 2020. Dola milioni 750 za ujenzi huo zilitokana na kodi ya vyumba vya hoteli.

Mimi sisemi tuige Las Vegas. Uwanja ule ni wa timu ya matajiri, na Wamarekani wenyewe wamebishana sana kama ilikuwa haki fedha za umma kujenga uwanja wa tajiri. Ubishi huo una maana kwetu pia. Fedha za ushuru zikijenga kitu, kitu hicho kiwe cha nani? Kama ni ukumbi wa kijiji, funguo zikae kwa nani? Maswali hayo yaulizwe kabla ya tofali la kwanza.

FEDHA ZA MGODI JE?

Huenda unasema, "Kwa nini tuhangaike na shilingi za gesti, wakati mgodi uko hapa hapa?" Swali lako ni zuri. Mgodi mkubwa wa Bulyanhulu ulianza uzalishaji mwaka 2001. Mwanzoni kampuni za migodi mikubwa zililipa halmashauri kiasi maalumu cha dola 200,000 kwa mwaka, dhahabu iwe nyingi au kidogo. Kuanzia mwaka 2014, Bulyanhulu na Geita walianza kulipa ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mauzo. Halafu mwaka 2017 Sheria ya Madini ilirekebishwa. Kampuni ya madini sasa inatakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa kusaidia jamii, na mpango huo ukubaliwe na halmashauri.

Fedha hizo zimefanya kazi. Mjini Geita zilianzisha ujenzi wa uwanja wa mpira wa Magogo. Watu wa Geita wanajua kwa nini uwanja ulihitajika. Timu yao ya Geita Gold ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2021/22, ilicheza baadhi ya mechi zake katika uwanja wa shule ya wasichana ya Nyankumbu. Fikiri jambo hilo. Mji unaotoa dhahabu kwa tani, timu yake inaazima uwanja wa shule.

Lakini kumbuka mwaka 2017. Mwezi Machi mwaka huo Serikali ilizuia kusafirisha mchanga wa dhahabu nje ya nchi. Kabla ya mwaka kwisha, mgodi wa Bulyanhulu ulipunguza kazi na wafanyakazi wengi waliachishwa. Serikali na kampuni ya Barrick walipatana, na mwaka 2020 kampuni ya Twiga ikaanza kazi, Serikali ikiwa na asilimia 16. Kazi ya chini ya ardhi ikaanza tena. Katikati hapo ilipita miaka mitatu. Wenye gesti za eneo hili wanaikumbuka miaka hiyo. Kitanda kilitandikwa Jumatatu kikabaki kimetandikwa hadi Jumatatu nyingine.

Kwa hiyo ushuru wa mgodi na ushuru wa gesti ni ndugu. Mmoja akiugua, mwingine anakohoa. Hapa ndipo ninapotofautiana na watu wanaosema tungoje fedha ziwe nyingi. Fedha za mji wa dhahabu zina msimu wake, kama mvua zetu. Anayengoja hadi Machi kupanda mahindi asimlaumu bwana shamba.

ARDHI KWANZA

Sasa nifike kwenye jambo linalonisumbua kuliko yote. Tunazungumza habari za fedha za kujenga bustani na ukumbi. Lakini bustani itakaa wapi?

Nakifahamu kijiji kimoja katika ukanda huu wa dhahabu. Wazee wa kijiji hicho waliacha uwanja mkubwa katikati. Hapo ndipo palikuwa pa mikutano. Baada ya mavuno, hapo ndipo ngoma zilipochezwa. Unajua mashindano ya ngoma ya Wasukuma, Bagalu upande mmoja na Bagika upande wa pili. Anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Mashindano ya namna hiyo hayachezwi uchochoroni. Yanataka uwanja.

Dhahabu ilipopatikana karibu, uwanja ule ulianza kumegwa. Kwanza kibanda cha chipsi. Baadaye duka la vifaa vya uchimbaji. Kisha kiwanja kimoja, kisha cha pili, kisha cha sita. Kila kiwanja kilikuwa na karatasi yenye mhuri. Nilipouliza ni mkutano gani ulioamua, sikupata mtu wa kunijibu. Leo hakuna uwanja. Hata kama halmashauri ingeleta milioni 65 kesho asubuhi, hakuna mahali pa kuzitumia. Wangelazimika kununua tena ardhi ile ile kutoka kwa waliouziwa, kwa bei ya mji wa dhahabu.

Ndiyo maana nasema ardhi kwanza. Fedha zikipotea mwaka huu, mwakani zinaweza kukusanywa tena. Uwanja ukijengwa gesti, huo umekwenda.

Sisi wa Shinyanga tunalijua jambo la kutenga ardhi kuliko watu wengi. Wazee wetu walikuwa na ngitili. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili nyasi zikue, kisha linafunguliwa kiangazi ng'ombe wapate kula. Desturi hiyo ilidhoofika, miti ikakatwa, nchi ikawa nyeupe. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Wakati huo ngitili zilizokuwa zinajulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Mradi ulipofika mwisho mwaka 2004, ngitili zilikuwa zaidi ya hekta 300,000. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa.

Siri yake ilikuwa nini? Watu walikaa mkutanoni, wakaonyeshana mpaka, wakakubaliana adhabu ya atakayeuvunja. Kisha wakaiacha ardhi ipumzike. Fedha hazikuwa jambo la kwanza. Uwanja wa kijiji ni ngitili ya watu. Unafungwa leo ili upate kuliwa kesho.

SHERIA INASEMAJE?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inagawa ardhi ya kijiji sehemu tatu. Ipo ardhi ya matumizi ya pamoja. Ipo ardhi ya watu na familia. Ipo ardhi ya akiba. Uwanja wa michezo, mnada, bustani na mahali pa ukumbi ni ardhi ya matumizi ya pamoja.

Halmashauri ya kijiji haina ruhusa ya kugawa ardhi bila Mkutano Mkuu wa Kijiji kukubali. Mwenyekiti peke yake haruhusiwi. Mtendaji peke yake haruhusiwi. Mkutano Mkuu ni wewe na mimi, kila mkazi wa miaka 18 na zaidi. Unatakiwa kukutana angalau kila miezi mitatu. Kama kwenu haujakutana mwaka mzima, anzeni na hilo.

Mahali palipokwisha pimwa viwanja kama mji, mambo ni tofauti kidogo. Hapo ipo ramani ya mipango miji. Viwanja vya wazi vimeandikwa kwenye ramani hiyo. Nenda ukaione. Ukikuta kiwanja cha wazi kwenye ramani, na juu ya ardhi umeota ukuta, una haki ya kuuliza.

Ukidhani mtu mdogo hawezi kuuokoa uwanja, sikiliza habari ya Nairobi. Mwaka 1989 ulitolewa mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru. Waliotaka kulijenga walikuwa wakubwa wa nchi. Profesa Wangari Maathai alipinga kwa barua na kwa maneno. Alitukanwa hadharani. Hakunyamaza. Jengo lile halikujengwa, na watu wa Nairobi bado wana bustani yao. Yeye mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel kwa kazi yake yote ya kupanda miti na kutetea haki.

"ZAHANATI JE?"

Katika mikutano nimesikia mara nyingi neno hili: "Zahanati haina dawa, watoto wanakaa chini darasani, na wewe unatuletea habari za bustani?" Mara nyingi anayesema hivyo ni mwanamke mwenye mtoto mgongoni, na siwezi kumbishia. Dawa ni kwanza. Madawati ni kwanza.

Lakini nimwombe tufikiri pamoja. Siku ya chanjo ya watoto, akina mama wanakaa wapi? Wanakaa juani nje ya ofisi. Kikundi cha kuweka akiba kinakutana wapi? Kinakutana sebuleni kwa mtu, au kwenye baa kabla haijafunguliwa. Msiba ukitokea, maturubai yanafunga barabara. Darasa la watu wazima, mafunzo ya kilimo, kikao cha sungusungu, vyote vinatafuta mti. Ukumbi mmoja wa kawaida na uwanja wenye vivuli ungebeba hayo yote. Na kijana aliye uwanjani saa kumi na moja jioni hayuko mahali pengine. Mahali hapo pengine katika miji yetu ya dhahabu panajulikana.

Tena kutenga ardhi hakumnyang'anyi mtu dawa. Hakuna shilingi inayotoka. Zinatakiwa kamba, vigingi, na muhtasari wa mkutano.

EKARI NGAPI ZINATOSHA?

Hapa niko kwenye kazi yangu. Uwanja wa mpira wa kawaida una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68. Hiyo ni mita za mraba 7,140, yaani pungufu kidogo ya ekari 2. Ongeza nafasi ya watazamaji, ya ukumbi, ya choo, na ya watoto wadogo kucheza. Ekari 4 zinatosha vizuri. Kijiji kisicho na ekari 4 pamoja kitenge 2. Kisicho na 2 kitenge hata moja.

Tuseme mmepata eneo la mita 160 kwa mita 100. Hizo ni kama ekari 4. Kulizunguka ni mita 520. Ukipanda mti kila baada ya mita 5, unahitaji miche 104. Shule moja ya msingi inaweza kuiotesha yote.

Ni miti gani? Mwarobaini unavumilia ukame wetu na mbuzi hawaupendi sana. Mjohoro unakua upesi. Mwembe una kivuli kizuri, ila jiandaeni kwa mawe ya watoto msimu wa maembe. Mkaratusi msiupande karibu na kisima. Mimi ningechanganya. Mstari wa miti ya aina moja ukipata ugonjwa, unaisha wote.

Mpaka wenye miti ni mpaka unaoonekana. Mtu akitaka kumega uwanja, itabidi akate miti mchana, watu wakimwona. Karatasi inaweza kupotea ofisini, lakini miti 104 haipotei kimya kimya.

NJIA YA KUOMBA FEDHA

Uwanja ukiwa umetengwa, sasa ulizeni habari za ushuru. Fedha za gesti haziji kijijini moja kwa moja. Zinakwenda halmashauri ya wilaya. Kwa watu wa Kakola, ofisi hizo ziko Ntobo. Humo zinachanganywa na mapato mengine. Sehemu ya mapato ya ndani hutengwa kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa sheria ya mwaka 2018. Nyingine zinakwenda kwenye miradi na uendeshaji.

Kwa hiyo ombi la ukumbi au bustani lazima lipite njia yake. Lianzie kwenye mpango wa kijiji. Liende Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani. Kutoka hapo liende kwa madiwani wote. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, lakini mipango hupangwa miezi mingi kabla. Ombi linalofika Juni limechelewa. Ombi lenye muhtasari wa Mkutano Mkuu, ramani ya uwanja na mstari wa miti iliyokwisha pandwa lina nguvu kuliko ombi la maneno matupu. Ofisa anayelisoma anaona kwamba watu hawa wameanza.

Na mwombeni diwani wenu asome mkutanoni mambo mawili tu. La kwanza, gesti za kata hii zimelipa ushuru kiasi gani mwaka uliopita? La pili, kiasi gani kimerudi katika kata? Wenye gesti nao waalikwe siku hiyo. Wana haki ya kusikia.

Fedha zikipatikana, msianze na ukumbi mkubwa. Anzeni na choo na maji. Nimeona kumbi nzuri zilizoachwa kwa popo kwa sababu hazikuwa na choo. Kisha wekeni ada ndogo kwa harusi na mikutano ya biashara, ili mlinzi alipwe na bati lililong'oka lirudishwe. Kwa msiba, chanjo na mikutano ya kijiji, isiwe ada. Wekeni daftari la ada, na mshika fedha asiwe mshika funguo.

Nawe ukilala gesti, iwe Kakola, Kahama, Geita au Nyang'hwale, jiandikishe jina lako kamili. Asubuhi omba risiti. Wakikwambia mwenye mashine amesafiri, mwambie kwa upole kwamba utangoja.

Kwa wale wanaotaka kupanda miti mvua zijazo, kumbukeni jambo hili. Mbegu ya mwarobaini haikai. Ikiokotwa, ioshwe, ikaushwe kivulini, na ipandwe ndani ya wiki chache, la sivyo haioti. Chimbeni mashimo mwezi wa Oktoba, ardhi ingali kavu, yawe na kina cha sentimita 60. Wekeni samadi ya ng'ombe iliyooza. Mvua za Novemba zikishika vizuri, pandeni jioni. Miezi ya kwanza mche ufungiwe miiba, maana ng'ombe hawakuhudhuria mkutano wa kijiji.